V8 imeenda wapi? Bei ya mafuta na injini za magari ya kasi

Mwaka 2007 Mercedes walitoa C63 AMG yenye injini ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V), lita 6.2, bila turbo, nguvu farasi 457. Ukiiwasha alfajiri, jirani wa nyumba ya tatu anajua umeamka. Toleo lililofuata likapewa V8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili. Halafu mwaka 2022 likatangazwa toleo jingine: silinda nne, lita 2.0, ujazo uleule wa gari la baba mwenye watoto watatu, ikisaidiwa na mota ya umeme inayozungusha magurudumu ya nyuma. Kwa pamoja zinatoa farasi 680. Nambari 63 bado imebandikwa pale nyuma, japo injini yenyewe haifiki hata theluthi ya lita 6.3.

Ukiuliza kijiweni kimetokea nini, utajibiwa kwamba mafuta yamepanda. Si uongo. Ila mtu mwenye uwezo wa kununua C63 mpya hahesabu lita akifika sheli. Kwake tofauti ya mafuta kwa mwezi ni pesa ya kutoka na marafiki jioni moja. Kama yeye hakulalamika, nani aliyemwondolea V8 yake? Bei ya mafuta ilimfikia kweli, lakini haikupitia mfukoni mwake. Ilizungukia bungeni, ikapita ofisi za kodi na chumba cha kupimia magari, na ilipoingia kiwandani ilikuwa imeshabadilika sura na kuitwa sheria.

Mwaka ambao bomba lilifungwa

Septemba 1973, kwenye maonyesho ya Frankfurt, BMW walileta 2002 Turbo: lita 2.0, farasi 170, gari la kwanza la Ulaya kutengenezwa kwa ajili ya wateja wa kawaida likiwa na turbo. Kwenye gari la maonyesho neno "turbo" liliandikwa kinyumenyume chini ya bampa la mbele, ili dereva aliye mbele yako alisome sawasawa kwenye kioo chake na akupishe. Ubabe wa aina hiyo ulihitaji mwaka mwingine. Mwezi uliofuata ilizuka vita ya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao yasiende Marekani na kwa baadhi ya washirika wake, na pipa lililokuwa likiuzwa kwa takriban dola 3 likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. BMW waliishia kutengeneza magari hayo 1,670 hivi, wakaacha. Machoni pa watu wakati huo turbo ilikuwa alama ya ufujaji.

Ng'ambo ya Atlantiki, Ford walikuwa na bahati iliyofanana na ramli. Walikuwa wameshaamua, kabla ya mgogoro, kuipunguza Mustang. Mustang II ya 1974 iliingia sokoni wiki chache tu kabla foleni za mafuta hazijaanza, ikiwa na injini ya silinda nne au V6, bila V8 hata kwa malipo ya ziada. Wapenzi wa Mustang mpaka leo wanaizungumzia kama ndugu aliyetia aibu ukoo, lakini mwaka ule wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 385,000. Mwaka 1975 V8 ikarudishwa, ikiwa na farasi 140. Corvette ya mwaka huohuo, kwa injini yake ya msingi ya lita 5.7, ilitoa farasi 165. Leo hatchbaki ya lita 1.5 yenye turbo inafika hapo bila kutoa jasho. Haki itendeke hapa: si mafuta peke yake yaliyozilegeza injini hizo. Sheria za moshi zilikuwa zimeshaanza kubana, na tangu 1972 viwanda vya Marekani vilianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, kwa hiyo tarakimu zilishuka hata pale injini ilipobaki ileile.

Jambo zito zaidi lilitokea Desemba 1975. Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya nishati iliyotaka magari ya abiria ya kila kampuni, yakijumlishwa na kugawanywa, yafikie maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985. Kwa hesabu yetu ni kama kilomita 11.7 kwa lita. Mwaka 1978 ikafuata kodi maalumu juu ya kila gari lililo mlafi wa petroli. Zingatia neno "yakijumlishwa". Sheria haikukataza V8. Ilisema kwamba kila V8 unayouza lazima ulipiwe fidia na gari dogo utakalouza pembeni. Tangu siku hiyo, mhandisi wa gari la kasi alianza kukaa meza moja na mhasibu wa kampuni nzima.

Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaporomoka, wanunuzi wakasahau, foleni zikabaki kwenye picha za magazeti ya zamani. Sheria haikuporomoka nayo. Hili ndilo fundo ambalo maelezo ya kijiweni hayalifungui: bei hupanda na kushuka kama maji ya bahari, lakini sheria iliyozaliwa bei ikiwa juu huendelea kuishi bei ikiwa chini.

Ulaya walifika hapohapo kwa njia nyingine. Kule mafuta ni ghali sikuzote kwa sababu sehemu kubwa ya bei ya pampu ni kodi, hivyo injini ndogo zilikuwa desturi kabla ya mgogoro wowote. Golf GTI ya 1976 ni mtoto wa mazingira hayo: lita 1.6, farasi 110, uzito wa kilo 800 na ushei. Volkswagen walifikiria kutengeneza 5,000 tu. Toleo hilo la kwanza likapita 450,000. Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa swali la mafuta, kwa sababu halikuongeza kitu kwenye gari. Lilipunguza kilo.

Kisha mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha hewa ukaa. Kikomo cha 2021 kilikuwa wastani wa gramu 95 kwa kilomita, na faini ni yuro 95 kwa kila gramu inayozidi, kwa kila gari lililouzwa. Inaonekana kama sheria ya hali ya hewa, na ndivyo ilivyo. Lakini lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, wala hakuna chujio linalopunguza. Gramu 95 kwa kilomita maana yake ni lita 4 hivi kwa kilomita 100. Ni sheria ya mafuta iliyovaa kanzu nyingine. Ufaransa waliongeza ya kwao: tozo kwa mnunuzi wa gari lenye moshi mwingi zaidi ilifika yuro 60,000 mwaka 2024. Kuna magari ya V8 ambayo tozo hiyo pekee ingetosha kununua gari jingine.

Sufuria la pilau na chai ya mtu mmoja

Sasa tufunue boneti. Gari la abiria likitembea kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare linahitaji farasi 20 hivi, za kusukuma upepo na kushinda ukinzani wa matairi barabarani. Injini ya farasi 457 ikifanya kazi ya farasi 20 ni sufuria la pilau ya harusi lililobandikwa kuchemsha chai ya mtu mmoja. Kuni nyingi zinaishia kupasha sufuria.

Hasara ya kwanza ni msuguano: pistoni nane zikisugua kuta nane. Ya pili haionekani kirahisi. Injini ya petroli huongozwa kwa kilango kinachofungua na kubana njia ya hewa. Tunasema "kanyaga mafuta", lakini kwa kweli mguu unafungua hewa, na petroli inaifuata kwa kipimo cha karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini kubwa ikienda polepole, kilango kinabaki kimeachama kidogo tu, na pistoni zote nane zinavuta hewa kwa taabu kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Nguvu ya kunyonya huko inalipwa kwa petroli. Ipe injini ya silinda nne kazi hiyohiyo ya farasi 20: itabidi ifungue kilango zaidi, ivute hewa kwa nafasi, na isugue kuta nne tu. Lita zinapungua bila muujiza wowote.

Shida inakuja pale unapotaka kuovateki lori mlimani. Hapo ndipo turbo inapoingia. Moshi unaotoka kwenye injini una joto na kasi, unazungusha panga dogo, na panga hilo linazungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Lita 2.0 zikashindiliwa hewa maradufu, zinaweza kuchoma petroli kama injini ya lita 4.0. Una injini mbili kwa boneti moja: ndogo ya kwenda kazini, kubwa ya kuringia.

Ila mkopo huo una riba. Hewa iliyoshindiliwa ina joto, na petroli ndani yake inaweza kulipuka kabla ya wakati. Mafundi wanasema injini inagonga, na ikigonga kwa muda mrefu pistoni hutoboka. Dawa ya zamani ilikuwa kupunguza mgandamizo wa injini, jambo linaloifanya ipoteze mafuta hata ikitembea taratibu, na kumwaga petroli ya ziada ili ipoze chumba. Ndiyo maana turbo za miaka ya 1970 zilikuwa na kiu kali. Mambo yalibadilika petroli ilipoanza kunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, ikaipoza hewa kwa kuyeyuka, na kompyuta ikawa inasikiliza kama injini inagonga na kurekebisha cheche papo hapo. Kwa hiyo mwaka 2008, pipa lilipogonga dola 147 mwezi Julai, dawa ilikuwa tayari kabatini. Mwaka uliofuata Ford wakaanza kuuza V6 za turbo kwa jina la EcoBoost. Mwaka 2011 BMW M5 ikaachana na V10 ya lita 5.0 na farasi 507, ikachukua V8 ya lita 4.4 yenye turbo na farasi 560. Ferrari nao wakabadilisha V8 ya lita 4.5 kwa ya lita 3.9 yenye turbo mbili mwaka 2015.

Kuna shule moja iliyofundisha haya yote mapema, nayo ni Formula 1. Mwaka 1984 wasimamizi walipiga marufuku kujaza mafuta katikati ya mbio na kuwapa kila gari lita 220 tu. Madereva wakajifunza kusoma geji kama mama anayehesabu unga mwisho wa mwezi. Mbio za Imola, Italia, mwaka 1985 zilikuwa kichekesho: Ayrton Senna alikuwa akiongoza, mafuta yakamwishia zikiwa zimebaki lepu chache. Stefan Johansson wa Ferrari akachukua uongozi, naye yakamwishia. Alain Prost akavuka mstari akiwa wa kwanza, gari lake likapimwa na kukutwa jepesi kuliko inavyoruhusiwa, akafutwa. Ushindi ukaenda kwa Elio de Angelis. Lita zikashushwa hadi 195, na mwaka 1988 magari ya turbo yakabaniwa lita 150, kwa makusudi ya kuzifukuza turbo. Honda wakakaa chini wakatengeneza V6 ya lita 1.5 iliyojua kutumia kila tone, na McLaren wakashinda mbio 15 kati ya 16. Sheria iliyotungwa kuiua turbo ikawa imeifundisha kubana matumizi.

Maabara na barabara

Nimesema injini ndogo hubana lita ikiendeshwa polepole. Vipimo rasmi vya Ulaya vya zamani vilikuwa polepole kupita kiasi: gari liliongeza kasi kama linasindikiza maharusi. Injini ndogo yenye turbo ilikuwa mwanafunzi aliyepewa mtihani anaouweza. Mnunuzi akitoka nalo barabarani akakanyaga kama mnunuzi wa gari la kasi anavyokanyaga, turbo inashindilia, petroli ya kupoza inamwagika, na lita zinakaribia zilezile za injini kubwa iliyofukuzwa. Kipimo kipya na kikali zaidi kilipoanza Septemba 2017, pengo likapungua, halikuisha.

Kwa upande wa pili ipo Corvette, na mimi huipenda kwa sababu inavuruga kila maelezo mepesi. Ile ya 2014 ilikuwa na V8 ya lita 6.2, farasi 455, bila turbo. Kwenye barabara kuu, kwa kipimo cha serikali ya Marekani, ilipewa maili 29 kwa galoni, zaidi ya kilomita 12 kwa lita. Siri? Gia ya saba ndefu inayoiacha injini izunguke kivivu, bodi nyepesi inayokata upepo, na mfumo wa kuzima silinda nne pale zisipohitajika, hivyo zile nne zinazobaki zinafungua kilango na kupumua vizuri. Ujazo wa injini na unywaji wa mafuta ni ndugu, si pacha.

Watoza kodi hawapendi maelezo ya namna hiyo. Wao wanataka namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi, na cc ndiyo rahisi kusoma. Italia, kwa miaka mingi, gari lililozidi cc 2,000 lilitozwa kodi ya mauzo ya asilimia 38. Ferrari wakatoa 208 GTB yenye V8 iliyopunguzwa hadi lita 2.0 mwaka 1980, wakapata Ferrari ya farasi 155, wakaona aibu, na mwaka 1982 wakaifungia turbo ikafika 220. Mfano ulio karibu zaidi na macho yetu ni Subaru Impreza WRX STI. Japani, ambako kodi hupanda kwa ngazi za cc, iliendelea na lita 2.0 mpaka 2019. Marekani, ambako hakuna ngazi hizo, gari hilohilo liliuzwa na lita 2.5. Hata barabara zingefanana, karatasi za kodi hazifanani.

Ukitaka ushahidi kwamba sheria ndiyo mkono wenyewe, angalia yanayotokea bei ikishuka, kisha mkono wenyewe ukilegea. Kuanzia katikati ya 2014 mafuta yalishuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa mpaka chini ya 30 Januari 2016. Katika msimu huohuo Dodge waliitoa Challenger Hellcat, V8 ya lita 6.2 yenye suparchaja (kishindilia hewa kinachozungushwa na injini yenyewe) na farasi 707, na Wamarekani wakaigombania. Mwaka 2023 uzalishaji wake ukasimamishwa. Warithi wakawa gari la umeme na injini ya silinda sita yenye turbo mbili. Mwaka 2025 Bunge la Marekani likafanya faini ya kushindwa wastani wa mafuta kuwa dola sifuri. Mwaka huohuo Ram, kampuni dada ya Dodge, ikatangaza kuirudisha V8 iitwayo Hemi kwenye pikapu zake. Sisemi moja ndilo lililozaa jingine kwa siku na saa. Lakini anayepanga injini huisoma sheria kabla hajaisoma bei ya pampu.

Wanunuzi nao wana sauti, japo huja kwa kuchelewa. Mwaka 2016 Porsche waliziondolea Boxster na Cayman injini ya silinda sita wakazipa nne zenye turbo. Zilikuwa na kasi zaidi kwa saa ya mkononi, na zilisikika kama Subaru yenye mafua. Malalamiko hayakukoma, na mwaka 2020 silinda sita ya lita 4.0 isiyo na turbo ikarudi kwenye GTS. C63 ya silinda nne nayo ilipokelewa kwa manung'uniko hayohayo, na safari hii kuna neno la ziada: uzito. Betri na mota vimeifikisha kilo 2,100 na ushei. M5 mpya ya haibridi (injini na mota ya umeme kwa pamoja) inapita kilo 2,400. Kwa karatasi zinang'aa, kwa sababu kipimo rasmi cha haibridi za kuchomeka kinaihesabia betri sehemu ya safari, hata kama C63 inakwenda kilomita 13 tu kwa umeme. Betri ikiisha, injini ya lita 2.0 inabaki na mzigo wa tani mbili. Ile Golf ya kilo 800 ikisikia haya huko iliko, itacheka.

Huku kwetu hadithi inageuka. Gari la kasi linaloshuka bandari ya Dar au Mombasa mara nyingi limeshatumika miaka kadhaa, na hapo ndipo bei ya mafuta inapogusa mfuko moja kwa moja. Mmiliki wa kwanza alilipa gari. Wa pili analipa petroli. Petroli ilipovuka shilingi 200 jijini Nairobi Septemba 2023, na shilingi 3,200 jijini Dar es Salaam wakati huohuo, swali la kwanza la mnunuzi wa Forester halikuwa farasi ngapi, lilikuwa "ina turbo au haina?" Kodi nayo inasukuma upande huohuo: Tanzania imekuwa ikitoza ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 likizidi hapo. Injini ya cc 1,994 iliyopangwa kumkwepa mtoza kodi wa Tokyo inamkwepa na wa Dar bila hata kujua.

Na ile V8 yetu wenyewe? Tanzania ukisema "V8" hakuna anayefikiria Mustang. Ni Land Cruiser la kigogo, vioo vyeusi, taa za tahadhari zikimulika mchana, na nyingi zilikuwa za dizeli, lita 4.5. Mwaka 2021 Toyota walileta Land Cruiser 300, nayo haina V8 ya dizeli wala ya petroli. Zote ni V6, nyingi zikiwa na turbo mbili. Zimeshaonekana Dodoma kwenye misafara, zinapita kwa kasi ileile, na vijana wa bodaboda wakizipisha pembeni bado wanaambiana, "Cheki V8 hiyo."